Giaboksi ya Land Rover haishuki, hupanda: jinsi ya kuitoa bila kuvunja bolti za propela

Gereji zote utasikia "shusha giaboksi". Kwa Toyota na Datsun ni sawa, unalala chini na kuipokea kwenye jeki. Land Rover Series III haiko hivyo. Chini imezuiwa na fremu, kwa hiyo mzigo wote, giaboksi pamoja na transfa iliyoungwa nyuma yake (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma), hutolewa kwa juu, pale wanapokaa watu. Siku ya kwanza huenda usiiguse giaboksi kabisa. Utakuwa unang'oa viti, sakafu na mabati.

Na wala viti sivyo vinavyowashinda watu. Ni propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, yale meno ya katikati ya ekseli. Kazi ya siku mbili nimeiona ikigeuka ya wiki mbili kwa ajili ya nati moja iliyolika pembe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya bolti. Giaboksi yenyewe ina uzito, lakini haina ukaidi.

Ninayoyaandika ni ya Series III fupi, ya petroli, injini ya lita 2.25, yenye turubai. Zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985. Yangu iko Malindi na imekula chumvi miaka yote hiyo. Ukiwa na ile ndefu, hatua ni zilezile, ila angalia tangi lako la mafuta liko wapi, maana hilo lina uzito wake tutakapofika kwenye kuchoma nati kwa moto.

Kabla hujafungua chochote

Jiulize kwanza kama giaboksi kweli inahitaji kutoka. Chini kabisa ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo. Likidondosha oili, ichukue kwa kidole unuse. Oili ya injini ni nyeusi na nyepesi. Oili ya giaboksi, ile EP90, ni nzito na ina harufu ya kiberiti. Ikiwa ni ya injini, tatizo liko kwenye sili ya nyuma ya krenki, mhimili mkuu wa injini, na hapo wengine huona bora wavute injini mbele. Ikiwa unabadilisha klachi tu, huna haja ya kuinyanyua giaboksi na kuitoa nje. Ukishavua sanduku la viti (lile bati vinapokaa viti) na sakafu, unaisukuma nyuma kiasi cha sentimita 12 au zaidi kidogo, unapata nafasi ya kuingiza mikono. Wengi hawalijui hili, wanajichosha bure.

Ila ikiwa gia ya pili inaruka, au beringi zinalia, basi itoke.

Spana: hapa ndipo watu wanapokosea

Gari hili ni la inchi. Nati za propela zina upana wa 9/16 ya inchi, ambayo ni milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii. Ya 15 inaingia kwa furaha, inacheza, kisha inakula pembe zote sita. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikiwa na spana ya 15 na haraka ya kuwahi futari. Nati ilibaki mviringo kama shanga. Tafuta ringi ya 9/16 na soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili. Ukikosa ya kununua, azima kwa fundi mzee. Karibu kila mmoja ana sanduku la spana za inchi analolificha. Ongeza ringi moja ya mdomo mwembamba, kwa sababu krosi ya propela, kiungo chake chenye umbo la msalaba, inaziba njia na soketi nene haifiki.

Vingine: 1/2 na 7/16 kwa mabati na sakafu, brashi ya waya, tindo kali, nyundo mbili, msumeno wa chuma, jeki ya chupa, stendi nne, kabari za mbao, na cheni bloku ya tani moja. Nunua nati mpya za nailoni (za chuma, zenye pete ya nailoni ndani) kabla ya kuanza, 3/8 UNF, yaani uzi mwembamba wa inchi, kumi na sita hata kama utafungua nane. Nati ya nailoni ikishafunguliwa haishiki tena kama zamani.

Dawa ya kutu, siku mbili kabla

Anayekaa Malindi anaijua hewa ya bahari. Grili ya dirisha ukiipaka rangi mwaka huu, mwakani ina malengelenge. Kusi ikivuma ndiyo kabisa. Land Rover ina balaa mbili: bodi ni ya aluminiamu, fremu na bolti ni za chuma, na pale vinapokutana na maji ya chumvi aluminiamu inaliwa na kuacha unga mweupe unaoshika bolti kama saruji. Kwenye propela ni chuma kwa chuma, kutu ya kawaida, lakini imechanganyika na grisi kavu na mchanga.

Alhamisi jioni, kama kazi ni Jumamosi, ingia chini ukiwa na brashi ya waya. Safisha nyuzi zilizochomoza nje ya nati mpaka uone chuma. Hizo nyuzi chafu ndizo zinazoshika nati nusu njia ukishaifungua. Kisha tia dawa ya kupenya kutu. WD-40 ni nzuri kwa kusafisha, lakini kwa kutu ya miaka mimi hupendelea mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Tia asubuhi na jioni. Baada ya kila kutia, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara tatu au nne, si kwa nguvu. Mtikisiko ndio unaofungua njia ya mafuta kuingia.

Handibreki si handibreki

Soma aya hii mara mbili. Kwenye Series III handibreki haishiki magurudumu. Ngoma yake iko nyuma ya transfa, inashika propela ya nyuma. Ukishaifungua propela hiyo, handibreki inashika hewa. Gia nayo haisaidii, kwa sababu haijaunganishwa tena na magurudumu. Gari litaondoka lenyewe, nawe uko chini yake. Kwa hiyo kabari mbele na nyuma ya magurudumu, sehemu tambarare, na stendi chini ya fremu. Usiegemee kwenye jeki pekee hata kwa dakika moja. Ondoa waya wa betri pia.

Kuzifungua bolti

Kila flanji, ile sahani ya chuma kwenye mwisho wa propela, ina bolti nne, na propela ziko mbili, kwa hiyo ni kumi na sita. Kwa kutoa giaboksi unahitaji nane tu, zile za upande wa giaboksi, nne za propela ya mbele na nne za ya nyuma. Propela ina sehemu inayotelezea ndani yake, inajikunja na kurudi nyuma kidogo, kisha unaifunga kamba pembeni. Usiiache ining'inie kwa krosi moja.

Anza na ya nyuma, kwa sababu handibreki yako bado inafanya kazi na utaitumia kama mkono wa tatu. Inua gurudumu moja la nyuma, weka stendi, giaboksi iwe nyutro. Achia handibreki, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka bolti unayoitaka ije mahali spana inapofika vizuri, kisha vuta handibreki. Propela imeshikwa. Ukimaliza hiyo, achia, zungusha, vuta. Hii peke yake inaokoa nusu ya matusi.

Weka alama kwanza. Chora mstari wa rangi kupita flanji zote mbili, ili zirudi zilivyokuwa.

Sasa nati yenyewe. Nilikuwa chini ya gari, kijana wa jirani ananishikia tochi, na mzee fundi amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilishaivuta mara tatu, haikusogea.

"Ikaze," mzee akasema.

"Mzee, niikaze tena? Nataka kuifungua."

"Ikaze kidogo mwanangu. Kidogo tu. Kisha nyamaza usikilize."

Nikaikaza. Ikatoa mlio mfupi, tak, kama kokwa ya korosho inavyopasuka kwenye moto. Nikageuza mkono, ikaja. Kile nilichokisikia ni kutu kuvunjika. Ukianza kwa kufungua, unaivunja kwa upande mmoja na nguvu yote inakwenda kwenye pembe za nati. Ukiikaza kwanza kiasi cha digrii tano, unavunja mshiko bila kusonga mbali. Kisha fungua robo, rudisha, tia mafuta, fungua nusu, rudisha. Ukisikia inakuwa ngumu tena njiani, usilazimishe. Ni mchanga uliojikusanya kwenye nyuzi.

Vuta spana kuelekea kwako, usiisukume. Ikitoka ghafla ukiwa unasukuma, ngozi ya vidole itabaki kwenye fremu.

Ikikataa bado, njia ya pili ni nyundo mbili. Shika nyundo nzito upande mmoja wa nati, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Geuka pembe nyingine, gonga tena. Nati inanyumbuka kidogo sana, lakini inatosha kuachia nyuzi. Rudi kwenye hatua ya kukaza na kusikiliza.

Ya tatu ni moto, na hapo nina maneno. Kwenye Series III fupi tangi la petroli liko chini ya kiti cha kulia, karibu kabisa na transfa. Usiwashe gesi wala grenda hapo kabla hujalitoa tangi na kulipeleka mbali na gari. Kulimwaga tu hakutoshi, mvuke unaobaki ndio unaowaka. Nimemwona mtu akiwasha gesi huku tangi limefunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji, eti tahadhari. Tangi likiwa limetoka, na ndoo ya mchanga iko karibu, choma nati tu, si bolti, kwa sekunde chache, kisha iache ipoe na utie mafuta. Joto likienda kwenye krosi unaharibu sili zake na kuyeyusha grisi, na utaisikia propela ikilia barabarani.

Njia ya nne ni kuikata, na mimi kwa kweli huipendelea kuliko moto. Nati ni ya kutupwa, kwa hiyo huna cha kuhurumia. Funga kitambaa upande mmoja wa kipande cha msumeno, kata nati kwa urefu, sambamba na bolti, mpaka ukaribie nyuzi. Kisha tindo kwenye mwanya, pigo moja. Inafunguka kama ganda la karanga. Grenda ni haraka, lakini disiki haifiki vizuri kwenye krosi, na cheche zinaruka hadi mwisho wa dunia.

Upande wa ngoma ya handibreki kuna mtego: vichwa vya bolti viko ndani ya ngoma, huvioni. Bolti ikianza kuzunguka pamoja na nati, usiendelee kuzungusha, kata nati. Ukikosea kabisa, itabidi uvue ngoma, na hiyo ni mchana mwingine.

Propela ya mbele ni rahisi zaidi. Magurudumu ya mbele yakiwa chini na yamepigwa kabari, propela haizunguki. Ila ukiwa na frihabu, zile habu zinazoweza kuyaachanisha magurudumu ya mbele na ekseli, zifunge kwanza, la sivyo itazunguka bure. Ikizidi kukusumbua, pitisha nondo kwenye krosi iegemee fremu.

Kufungua juu

Vua turubai na mataji yake, utahitaji anga wazi. Toa viti, kisha sanduku la viti, kisha sakafu zote mbili na bati la katikati linalofunika giaboksi. Bolti za hapa ni ndogo na nyingi zitakatika. Usilie, toboa, weka mpya na upake grisi. Toa mkono wa gia na ule mwekundu wa transfa, uache wa njano, wa kuunga magurudumu ya mbele, kama haukuzuii. Handibreki: ondoa fimbo zake kutoka kwenye ngoma.

Mwaga oili, ya giaboksi na ya transfa, kila moja kwenye chombo chake ili uone rangi. Vipande vidogo vya shaba ni sinkronaizi (pete zinazolainisha kuingia kwa gia) inayolika. Vipande vya chuma vyenye pembe kali ni meno, hiyo ni habari mbaya.

Fungua kebo ya spidomita, waya wa taa ya rivasi, ekzosi inayopita chini, na slevu silinda ya klachi, ile silinda ndogo inayoisukuma klachi. Slevu usiikate bomba lake. Ifungue bolti zake mbili uifunge pembeni kwa waya, na usikanyage pedeli ya klachi wakati iko nje.

Kuinyanyua

Giaboksi na transfa vikiwa pamoja vinapita kilo 100. Usiniambie mna vijana wanne wenye nguvu. Tengeneza miguu mitatu ya boriti za mikoko, urefu wa mita nne au zaidi, kwa kuwa gari lina upana wa mita 1.68 na miguu lazima ipite nje yake. Funga juu kwa mnyororo, si kamba ya nailoni. Tawi la mwembe usilitumie, halitoi taarifa kabla ya kukatika.

Injini ya Land Rover hubebwa mbele na mauntingi zake na nyuma na giaboksi. Ukiondoa giaboksi, injini inaanguka nyuma. Weka jeki na kipande cha mbao chini ya nyumba ya fraiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kabla ya kugusa mauntingi za giaboksi.

Zungusha mnyororo mahali pawili, mbele karibu na nyumba ya klachi na nyuma chini ya transfa. Transfa imekaa kulia, kwa hiyo mzigo utataka kulala kulia. Vuta cheni bloku mpaka mnyororo uwe umekaza tu, ndipo ufungue mauntingi na nati zote zinazoizunguka nyumba ya klachi. Ya juu kabisa ndiyo inayosahaulika. Giaboksi ikikataa kuachana na injini, hesabu tena nati kabla ya kuingiza bisibisi.

Ivute nyuma ikiwa imenyooka. Isiruhusiwe kuning'inia kwa shafti yake ndani ya klachi hata kidogo, sahani ya klachi itapinda, na utajua siku ya kwanza ya kuendesha kwa klachi isiyoachia. Ikishatoka shafti, inyanyue taratibu, izungushe itoke kwa mlango wa kushoto.

Kurudisha

Sahani ya klachi lazima iwe katikati kabisa kabla ya kukaza preshapleti, bamba linaloibana. Mimi nilimwomba seremala anichongee kijiti cha mvule chenye ngazi mbili, nene kwa sahani na nyembamba kwa tundu la krenki, nikampa sahani ya zamani apimie. Kimenitumikia miaka. Chukua pia bolti mbili ndefu, kata vichwa, uzifunge kwenye injini kama reli za kuongoza giaboksi inaporudi.

Propela ikirudi, hakikisha mishale miwili kwenye sehemu inayotelezea inaelekeana. Zikipishana, gari litatetemeka kwenye kilomita 60 na utalaumu matairi. Kila nati mpya ianze kwa vidole. Ikikataa vidole, nyuzi si zake. Duka moja liliniuzia bolti laini za kufungia mageti, zikanyooka uzi nilipokaza. Bolti za propela ziwe za chuma kigumu chenye alama kichwani. Kaza takriban Nm 47. Huna spana ya kupimia? Ni sawa na uzito wa kilo 16 ukining'inia mwisho wa spana ya sentimita 30.

Oili ni EP90, kiasi cha lita 1.5 kwenye giaboksi na 2.5 kwenye transfa, mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kipimo gari likiwa tambarare.

Usiweke sakafu siku hiyohiyo. Zunguka mtaani kwanza, viti vimeshikwa tu, uone kama kuna tone. Kisha ukienda safari ya kwanza ya vumbi, tuseme mpaka Lango la Sala la Tsavo Mashariki na kurudi, ingia chini jioni ukiwa na ringi ya 9/16 uguse nati zote kumi na sita. Mimi hukuta moja au mbili zimelegea robo ya mzunguko.